Dobi Aliyeimba Besi

Kwenye kwaya tulimwita Dobi, na hakuona vibaya, maana ndiyo kazi iliyomlisha tangu ujana. Alifua na kupiga pasi shuka za hoteli moja, katika chumba cha chini kisicho na dirisha, na mvuke ulikuwa umembabua mikono hadi viwikoni. Joto lilimlia vyote isipokuwa sauti. Ilikuwa besi nzito, ya chini kabisa. Mimi niliyesimama kando yake miaka kumi na moja niliisikia kwenye mbao za sakafu kabla haijanifika masikioni.

Kanisa letu la Anglikana ni la mawe, limejengwa enzi za mababu wa babu zetu. Kasisi husema kanisa lisilo na jiko ni makumbusho, kwa hiyo ukumbi wa pembeni umegeuzwa jiko. Kila Jumanne na Ijumaa hula humo watu wasio na makazi. Sharti ni moja tu: hakuna anayeulizwa jina wala atokako.

Dobi alikuwa mjane mwenye binti mmoja. Binti alianza na vidonge vya kulevya, akaishia kwenye unga, yaani heroini. Siku alipouza cherehani ya marehemu mama yake, Dobi alibadilisha kitasa. Jioni binti akarudi, akajaribu ufunguo, akagonga. Baba yake alikuwa ndani, amekaa kitandani, anamsikia. Hakufungua.

"Nilitaka ashike adabu," aliniambia. "Siku moja tu."

Siku moja ikawa miaka minne.

Mwaka jana tulikuwa tunajiandaa kwa tamasha la muziki wa Baroko, nyimbo za mateso ya Kristo zilizotungwa Ulaya karibu miaka mia tatu iliyopita, ambamo sauti moja huanza, ya pili ikaifuata, mpaka zote nne zinafukuzana. Siku moja baada ya mazoezi, Mama Jikoni, anayesimamia chakula, akamvuta Dobi pembeni.

"Kaka, sheria yetu naijua, na leo naivunja. Kuna msichana huja Jumanne. Pua ni yako, na akicheka ni mama yake mtupu."

"Anacheka?"

"Alicheka mara moja."

Dobi alitaka kuja Jumanne iliyofuata. Mama Jikoni akakataa katakata. "Ukimvamia atakimbia. Ngoja tamasha. Kasisi ametenga safu mbili za mbele kwa wageni wa jiko. Nitamwalika."

Wiki tatu zilizofuata, Dobi aliimba kama tulivyomjua zamani, mkewe alipokuwa hai. Hata alitania. "Watu husema dobi huvaa makunyanzi," alisema akijishika koti. "Hili nimelipiga pasi mara tatu."

Tamasha lilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri. Wenye kofia za heshima walibanana na wenye mablanketi begani. Binti alikuja. Alikaa safu ya pili, upande wa kushoto, ndani ya koti la kiume lililomzidi kimo. Alikuwa amekonda, hana mashavu.

Soprano wakafungua, alto wakafuata, kisha wanaume wa tenori. Ikafika zamu yetu sisi besi wanne. Dobi alifumbua kinywa, pasitoke kitu. Mwalimu wa kwaya akamkazia macho. Sisi watatu tukaibeba sauti yetu kadiri tulivyoweza.

Mapumziko yalipofika, alishuka kabla hatujainamia hadhira. Nilimfuata nikiwa na vitabu vyetu vyote viwili, ndiyo maana nikasikia.

"Mwanangu."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu, kana kwamba wamekutana sokoni. "Twende nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Nilikosa, mama. Nisamehe. Kitanda chako kipo vilevile."

"Nilishakusamehe zamani. Si hilo." Alikuwa akitazama viganja vyake mwenyewe. "Nikiingia kwako wiki haiishi, nitauza hata hiyo kanzu uliyovaa. Najijua, baba. Hapa nakula, na hakuna anayenitazama hivyo unavyonitazama."

"Nakutazamaje?"

"Kama mtu atakayepona."

Kengele ya kurudi ikalia. Dobi alimshika mkono wa koti, naye akauchomoa polepole, bila hasira. Sehemu ya pili ilipoanza, kiti cha binti kilikuwa kitupu. Dobi aliimba mpaka mwisho bila kukosea noti hata moja, nami nikamwogopea.

Jumanne binti hakuja. Ijumaa hakuja. Dobi akaomba ruhusa kazini, akawa anasimama kwenye lango la jiko kila siku ya chakula, mwezi mzima. Mwishowe Mama Jikoni akamwambia bila kuzungusha.

"Kaka, anajua upo. Wenzake wanasema hufika mpaka pale konani, akikuona anageuka. Unamvizia wewe, inayompata ni njaa."

Dobi hakubisha. Wiki ileile alirudisha kanzu ya kwaya, imefuliwa na kunyooshwa. Kasisi akamsihi abaki.

"Nikiwepo hapa, mwanangu hali chakula," alisema. "Basi mimi nitasali popote."

Tangu hapo hakanyagi kanisani, wala hapiti mtaa ule. Kwaya imebaki na besi watatu, na tunachagua nyimbo nyepesi. Binti naye hajaonekana. Mama Jikoni ameuliza wenzake, nao hawamwoni tena hata konani.

Kila Ijumaa nikitoka kazini nashuka kwenye kile chumba cha mvuke. Mwanzoni aliniuliza kabla sijafika ngazi ya mwisho: "Amekuja?" Nikajibu bado. "Labda hajajua kuwa nimeondoka," alikuwa akisema, na kugeuza shuka upande wa pili.

Sasa ni mwezi wa saba tangu aache kwaya. Wiki iliyopita hakuuliza. Nilimwambia mwenyewe kwamba bado, akasema "Ahaa," kisha akaniomba nimshikie pembe mbili za shuka tukunje.