Mstari wa Walionunua

Kabla ya meno, Merle Rishel alikuwa akicheka huku kiganja kimefunika mdomo. Tulimzoea hivyo. Mashine ya kupasulia mbao ilimng'oa ya mbele akiwa kijana, mengine yakaondoka yenyewe, na watu wa bonde letu hawapeleki mdomo kwa daktari mpaka washindwe kula. Basi Jumapili ya Pasaka akaingia kanisani na safu mbili za meno meupe pe, akasimama mlangoni akimsalimia kila mtu, hata wale asiopatana nao. Watoto wakamkodolea macho. Mchungaji akasahau alikuwa amefika wapi kwenye matangazo yake.

"Umeyatoa wapi hayo, Merle?" nilimuuliza tulipokuwa tunapakua chakula.

"Bima ya kiwandani, Verna. Imechelewa, lakini imekuja."

Nakijua kiwanda kile. Marehemu mume wangu alikufa akikifanyia kazi na hawakuleta hata shada la maua. Lakini nilinyamaza, kwa sababu kina mama wa meza ya keki walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba Merle ameweka meno kwa ajili yangu mimi, jirani yake mjane, na sikutaka kuwapa maneno zaidi. Lakini meno yalimpendeza. Hilo sikatai.

Merle ana mdogo wake, Orvis. Hao ndugu wawili wamegombana juu ya uzio, juu ya trekta, juu ya mbwa aliyekufa zamani hata jina lake hawalikumbuki. Kitu kimoja tu hawakuwahi kukigombania, nacho ni bunduki ya baba yao. Mzee Amos aliacha bunduki moja na wana wawili, akasema iwe kwa zamu, mwaka huu huyu, mwakani yule. Jumapili ya kuamkia kufunguliwa kwa msimu wa kulungu, aliye nayo huipeleka nyumbani kwa mwenzake, anailaza mezani, anasema, "Nimeitunza." Mwenzake anaishika, anasema, "Nimeipokea." Halafu wanakunywa supu ya maharage na nyama ya nguruwe, na ugomvi wa uzio unaendelea pale ulipoachwa. Wamefanya hivyo tangu kaburi la Amos likiwa bado udongo mtupu, na sijasikia mwaka walioruka.

Mwaka ule wa meno bunduki ilikuwa kwa Merle, na vuli hiyo ingekuwa zamu ya Orvis.

Na Merle alikuwa ameiuza.

Aliiuza mwishoni mwa baridi kwa Dutch Confer, mwenye duka la bunduki pale njia panda, akapeleka fedha moja kwa moja kwa daktari wa meno. Haya yote alinieleza baadaye, na nitasema alinielezea wapi. Alisema majuto yalimshika hata kabla fizi hazijapona. Akarudi kwa Dutch akiwa ameshikilia kofia. Dutch, Mungu ambariki, hakuwa ameiweka ukutani kwa wateja. Alikuwa ameifunga blanketi na kuificha chumba cha nyuma. "Nilijua utarudi, mpumbavu wewe," akamwambia. "Ilipie kidogo kidogo. Mimi sijaona kitu."

Kiangazi chote Merle akapasua kuni za watu, akasafisha mabomba ya moshi, akachimba choo cha kambi ya wawindaji wa mjini. Umri ule! Tulidhani ni meno yaliyomtia nguvu. Orvis alipouliza bunduki iko wapi, mbona haipo juu ya mlango, akajibiwa, "Iko kwa Dutch. Kitako kimepata ufa, anakitengeneza." Dutch akaulizwa naye akasema ndiyo, kitako, mbao hizi za zamani ni kazi ngumu. Alidanganya kwa ajili ya mtu ambaye hata si ndugu yake.

Majani yalipoanza kuanguka Merle akamaliza kuilipia. Angeichukua siku hiyohiyo, mambo yangeisha. Lakini kwetu, bunduki uliyopeleka kutengenezwa unakabidhiwa tu, ni yako. Ukishaiuza, hata kama ilitoka kwa babu yako, wewe ni mnunuzi kama mpita njia yeyote. Unajaza karatasi, unaulizwa maswali, halafu polisi wa jimbo wanapigiwa simu waseme kama jina lako ni safi, nawe unangoja hapo umesimama. Na pale dukani kwa Dutch, karibu na jiko, kulikuwa na viti vinne na wazee wanne wenye vikombe vya kahawa, ambao kazi yao duniani ilikuwa kuangalia nani ananunua nini. Merle alikuwa akifika, anawaona, anauliza bei ya risasi, anaondoka. Kesho, anasema. Wiki ijayo.

Wiki hiyo ijayo Dutch akaanguka kwa kiharusi kwenye ngazi za nyumba yake.

Duka likafungwa mnyororo. Kwenye kioo kukabandikwa karatasi: LIMEFUNGWA, na chini yake hakuna neno lingine. Bonde zima likapagawa, maana nusu ya bunduki zetu zilikuwa mle ndani kwa matengenezo na msimu uko mlangoni. Watu wakapiga simu kwa polisi, kwa mbunge, mmoja akapiga hata hospitali kumwuliza Dutch mwenyewe, mtu asiyeweza hata kutamka jina lake. Aibu tupu. Merle nilimwona siku moja amebandika uso kwenye kioo cha duka, mikono pembeni ya macho, mvua inamnyeshea.

"Na wewe una kitu mle?" nikamuuliza.

"Kidogo tu," akasema. Sasa bunduki gani ni ndogo?

Mwishowe Lorna, mpwa wa Dutch, akampata muuza bunduki mwenye leseni kutoka upande wa pili wa mlima, ambaye alikubali kuja Jumamosi baada ya Sikukuu ya Shukrani kumgawia kila mtu kilicho chake. Msimu ulikuwa unafunguliwa Jumatatu. Merle akapanga aende alfajiri, peke yake, kabla ya watu. Alipofungua mlango wake, pikapu ya Orvis ilikuwa inanguruma uani.

"Panda, kaka! Zamu yangu, mafuta yangu!"

"Si lazima uje. Baridi hii itakuua. Mimi nitakuletea kesho kama kawaida."

"Nikuachie wewe na lile kundi? Wakikupa bunduki ya mtu mwingine utasema asante. Panda."

Akapanda. Angesema nini?

Mimi nilifika nikiwa na risiti ya bunduki ya marisau ya marehemu, niliyokuwa nimeipeleka ibadilishwe kifyatulio. Pale uwanjani mbele ya duka palikuwa na meza mbili na mistari miwili. Mrefu, uliofika mpaka barabarani, ulikuwa wa walioleta kutengenezwa. Mfupi, wa watu watatu hivi na karatasi zao na simu, ulikuwa wa walionunua. Orvis hakuuangalia hata ule mfupi. Akamshika kaka yake kiwiko wakasimama kwenye wetu, mbele yangu.

"Bi Verna," Orvis akanigeukia, "hebu mwambie huyu acheke kidogo tupate joto. Tangu Pasaka anatung'arishia, leo kafunga mdomo."

"Labda anayahifadhi yasigande," nikasema.

Watu wakacheka. Merle hakucheka. Alikuwa anaangalia ule mstari mfupi kwa namna ambayo sikuielewa wakati ule, na leo kila nikiikumbuka naona haya kwa utani wangu.

Tukasogea. Tukasogea tena. Tulipokaribia meza, Orvis akanyoosha kidole.

"Ile pale! Kaka, ile pale bunduki ya baba!"

Ilikuwa imelala kwenye meza ya pili, meza ya walionunua, ina kibandiko cha njano kwenye mtutu. Huhitaji miwani kuitambua. Kitakoni ina alama nyeusi ya kuungua, pale Mzee Amos alipoiegemeza kwenye jiko akasinzia. Bondeni kwetu bunduki ya jirani tunaijua kama tunavyomjua mbwa wake.

Orvis akatoka mstarini kama ng'ombe aliyeona geti wazi. "Hii inafanya nini huku? Hii ni ya matengenezo! Nani kaiweka kwenye za kuuza?"

Lorna, masikini, macho yake yalikuwa tayari mekundu kwa kukosa usingizi. "Mzee Orvis, mjomba aliziweka alama mwenyewe kabla hajaugua. Hii imenunuliwa. Tafadhali usiiguse."

"Imenunuliwa na nani? Imeuzwa na nani? Na kitako chenyewe hiki kizima kabisa, hakijaguswa hata na msasa! Kumbe ndiyo mchezo wake! Mtu unamletea bunduki ya marehemu baba yako atengeneze, yeye anaitia sokoni! Dutch ni mwizi! Amelala hospitali na ni mwizi!"

Uwanja wote ukaanza kunong'ona. Nilisikia mmoja nyuma yangu akisema naye alikuwa na wasiwasi na Dutch siku nyingi. Muongo mkubwa huyo; Dutch alimlisha mwaka mzima wa mgomo wa kiwandani. Lorna akaweka mikono usoni akaanza kulia.

Nikamtazama Merle. Uso wake ulikuwa umepauka. Nitasema ukweli, alikaa kimya muda mrefu kuliko mtu mwema anavyopaswa kukaa. Orvis alirudia neno mwizi, akalirudia tena, na Merle bado amesimama mstarini mwetu anaangalia buti zake. Nilikuwa bado sijui kitu, lakini hapo nilijua kuwa anajua.

"Orvis," akasema.

"Ngoja kaka, nimalizane na hawa."

"Orvis, rudi. Dutch hakuiba. Mimi niliiuza."

Orvis akageuka polepole. "Umeuza nini?"

"Niliiuza. Halafu nikainunua tena. Ufa haukuwepo. Dutch alinifichia siri tu."

"Bunduki ya baba? Kwa nini? Ulikuwa na njaa? Ulikuwa mgonjwa? Mbona hukuniambia?"

Merle akafungua mdomo, akanyoosha kidole kwenye meno yake.

Kuna mtu alicheka. Nadhani alicheka kabla ya kuelewa, maana alikatisha katikati. Kisha Merle akatoka kwenye mstari wetu, akavuka ule uwanja mbele ya macho yetu wote, akaenda kusimama kwenye mstari wa walionunua. Hatua chache tu zile, lakini nilitamani ardhi immeze kwa niaba yake. Zamu yake ilipofika, yule mgeni wa ng'ambo ya mlima, ambaye hakujua lolote, akamuuliza kwa sauti ya kazi:

"Wewe ndiye mnunuzi halisi wa bunduki hii?"

"Ndiyo."

"Sema kwa sauti, mzee, upepo huu."

"Ndiyo. Mimi ndiye mnunuzi."

Akajaza karatasi kwa vidole vilivyokufa ganzi. Simu ikapigwa kwa polisi. Akangoja hapo pembeni ya meza, mikono mitupu, huku sisi tunaitwa mmoja mmoja kuchukua vyetu. Nilipewa bunduki ya marehemu kwa risiti tu na asante. Jina la Merle likarudi safi. Hakuna swali kwenye ile karatasi linalouliza kama umemdanganya ndugu yako.

Pikapu ya Orvis ilikuwa imeondoka. Nikamchukua Merle kwenye gari langu, bunduki mbili zimelala kiti cha nyuma, na humo ndimo alimonisimulia yote, uso ameugeuzia dirishani. Nilimwuliza swali moja tu, kama kweli meno yale yalikuwa kwa ajili yangu.

"Nilitaka siku moja nicheke mbele yako bila mkono," akasema.

Nikaendesha.

Jumapili akaipeleka kwa Orvis. Akailaza mezani. Lile "Nimeitunza" likagoma kutoka. Orvis alingoja, kisha akaichukua akaitundika juu ya mlango wake bila kusema lolote. Supu ilikuwa jikoni, Merle aliisikia ikichemka, lakini hakukaribishwa kiti. Jumatatu Orvis aliangusha kulungu dume kubwa, na kwa mara ya kwanza nyama haikufika kwa kaka yake. Dutch alikufa kabla ya Krismasi. Merle alibeba jeneza upande wa kichwani, akiwa wa mwisho kuachia.

Mwaka uliofuata, Jumapili ileile, nilikuwa jikoni kwa Merle nikikoroga supu, na asiniulize mtu nilikuwa nafanya nini huko. Tuliandaa sahani tatu bila kujua kama Orvis atakuja. Mwaka mzima walikuwa wamesemezana kwa kutikisa kichwa tu. Giza lilipoanza kuingia tukasikia pikapu.

Orvis akaingia bila kubisha hodi, theluji begani. Akailaza bunduki mezani katikati ya sahani. Ilikuwa imepakwa mafuta, chuma chote kinang'aa, na kwenye kitako alikuwa amepiga nta kila mahali isipokuwa kwenye ile alama ya jiko.

"Nimeitunza, kaka," akasema.

Hakusema kwa kejeli. Ningeiona kejeli, ningemtoa nje kwa mwiko. Alisema kama wanavyosema siku zote, akavuta kiti, akakaa, akasubiri.

Merle akaiwekea mkono. Akasimama hapo mpaka supu ikaanza kushika chini na mimi sikuweza kugeuka kuikoroga.

"Nimeipokea," akasema, kiganja kimefunika mdomo.