Siku Nilipokuwa Herufi m

Enzi zetu hesabu tulizicheza mchangani. Msinicheke. Mimi huyu ninayejenga matangi ya maji kutoka Voi mpaka Kishushe, shule niliiacha kidato cha pili, lakini kitu kimoja nilikishika kuliko darasa zima: kupangua fomula mpaka herufi unayoitaka ibaki peke yake.

Mdogo wangu Wakesho hakukishika. Na baba alikuwa ameshasema, "Ukianguka hesabu tena, unabaki nyumbani na mbuzi." Baba hakuwa mtu wa kurudia neno. Mtihani ulikuwa Ijumaa.

Basi Alhamisi, jua la Voi likitupika visigino, nikamshusha mtoni, kiangazi kimeacha mchanga mtupu. Nikachora mistari miwili, hiyo ndiyo alama ya sawasawa. Upande huu y, upande ule mx + c. Wakesho akawa x. Mimi m, nimemshika mkono, maana tumezidishana. Jirani yetu Athman akawa c, kasimama kando na jumlisha yake. Mtoto wa nne hatukuwa naye, kwa hiyo y akawa mbuzi.

"Haya, baki peke yako," nikamwambia.

Akanisukuma mimi nivuke kwanza, kosa lake la kila siku.

"We Wakesho! Mimi nimekushika mkono, Athman kasimama tu. Nani atangulie?"

"Athman."

Athman akavuka, akageuza shati ndani nje: jumlisha imekuwa toa. Kisha nikavuka mimi. Aliyezidisha akivuka anagawanya, anakaa chini ya wote. Nikapiga magoti, Athman akanipanda mgongoni na mbuzi mikononi.

"Ndugu yangu, fanya hima, mnyama huyu atanikojolea!"

Wakesho alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akatazama upande wake. Hapakuwa na mtu.

"Kaka, kumbe ni hivyo tu?"

Karatasi iliporudi, baba aliisoma, akachukua fimbo, akaenda kuchunga mbuzi mwenyewe.

Leo Wakesho anafundisha hesabu Taveta. Vijana wa siku hizi wanapiga swali picha, simu inatema jibu kabla hawajakuna kichwa. Anasema wana akili kutushinda, ila hawana wa kucheka naye. Mchanga wetu nao malori yameuchota. Juzi akaniomba niende darasani kwake. Mtu wa kidato cha pili, mbele ya kidato cha nne! Nilikubali kabla hajamaliza kuuliza.