Sabuni ya Magadi

Kwetu Nyanza tulipika sabuni kwa maji ya majivu ya kuni. Nilipoolewa nikaletwa landi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, Nakuru, tulikuwa tukipikia makaa ya mawe, na majivu yake hayatoi sabuni. Nililigundua hilo nikiwa nimekwisha kuahidi sabuni kanisani. Mama mkuu wa akina mama alikuwa ametangaza kwamba atakayeleta sabuni nzuri ndiye atakayefua kanzu nyeupe za ubatizo wa Pasaka. Mimi mgeni sikuwa nimekabidhiwa hata ufagio wa kanisa. Niliitamani kazi ile kuliko chakula.

Kila mwaka kanzu hizo zilifuliwa na jirani yangu, mke wa shunta, mpanga mabehewa wa reli. Kwa ujinga wangu nikamwendea yeye kuuliza.

"Ai, dada, si uende ziwani tu? Pale ukingoni kuna magadi meupe kama chumvi. Chota, chemsha na mafuta ya kondoo. Hapa sisi sote tunafanya hivyo."

Nikachota debe zima, nikapika kutwa. Mafuta yakaelea juu, maji yakabaki chini. Yalipopoa yakawa bonge la mafuta lisilotoa povu hata kidogo. Kabla sijalificha, jirani alikuwa mlangoni na wenzake wawili.

"Mama, hii ni ya kufulia ama ya kukaangia viazi?"

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Hapo nikajua kwamba alijua tangu mwanzo.

Mungu amenitendea mema mengi, na humshukuru kila asubuhi. Lakini siku ile nilipiga magoti nikamwomba amvunje yule mwanamke meno. Niliomba kwa sauti.

Mume wangu alisikia. Alikuwa fundi wa karakana ya reli.

"Magadi peke yake hayana nguvu, mama watoto," akasema. "Sisi huyachemsha na chokaa, ndipo yanakula grisi ya vyuma."

Akaniletea chokaa mkebe mmoja. Nikachemsha magadi upya pamoja nayo, nikaacha machicha meupe yatuame, nikachota maji safi ya juu. Nikalikatakata lile bonge la mafuta, nikalirudisha sufuriani na maji yale, nikakoroga polepole mpaka mchanganyiko ukawa mzito kama uji. Nilipogusisha ulimi, ukachoma kama pilipili. Maji ya chokaa yalikuwa yamezidi. Nikachota kidogo, nikakiacha kigande kando. Kisha nikaongeza mafuta na maji, nikapika tena hadi ulimi ukatulia.

Jumamosi kabla ya Pasaka tulikusanyika uani kwa kanisa. Nilikuwa na vipande viwili ndani ya leso: kimoja kizuri, kingine kile kikali. Mke wa shunta hakungoja.

"Hiyo itatoboa kanzu za watoto wa watu. Mimi naijua sabuni ya huyu."

"Basi ionje, mama," nikamwambia. "Wewe ndiye fundi wetu."

Mkono wangu ulikuwa juu ya kile kikali. Nilimwona tayari akitema mate mbele ya akina mama wote, na moyo wangu ukafurahi. Kisha nikafikiri: akichomwa, atakuwa amesema kweli, na kanzu zitarudi kwake. Nikatoa kizuri. Nisisifiwe kwa hilo, haukuwa utakatifu.

Akagusisha ulimi. Akangoja. Akagusisha tena.

"Vipi?" mama mkuu akauliza.

"Ni sabuni," akasema, kwa shida.

"Sema kwa nguvu, wa nyuma wasikie."

"Ni sabuni nzuri!"

Mama mkuu akanikabidhi kapu la kanzu, kisha akamgeukia. "Wewe utamtekea maji."

Mfereji ulikuwa mbali, huko nyuma ya stoo za reli. Alikwenda na debe kichwani, akarudi bila kunitazama, nami kila mara nikamwambia, "Asante, dada, bado kidogo." Nimeungama dhambi nyingi tangu siku hiyo. Hii nimeileta mbele za Mungu mara kadhaa, na kila mara natabasamu kabla sijafika amina. Kanzu zile zingetakata kwa kusuuzwa mara mbili. Mimi nilizisuuza mara nne.