Kufunga Maji Kabla ya Safari ya Mwanza

Siku moja kabla ya safari nilikuwa nimechuchumaa mbele ya mita ya maji, spana mkononi, nisijue niizungushe upande gani.

Kazi hiyo haikuwa yangu. Miaka yote ya ndoa yetu mimi nilifunga mizigo, mume wangu akafunga maji. Nyumba aliijenga mwenyewe, pembezoni mwa mji wa Moshi, pale barabara inapoanza kupanda kuelekea Old Moshi, enzi hizo akiwa mwalimu wa ufundi. Hakuna bomba lililopita ukutani ambalo hakulipitisha kwa mikono yake. Mimi nilijua maji yanatoka jikoni na bafuni, basi.

Pasaka ya mwaka huo alipata kiharusi. Mguu ulirudi, akawa anatembea kwa fimbo, lakini mkono wa kulia ulibaki mzito. Kilichomtesa zaidi ni maneno. Alijua vizuri anachotaka kusema, ila neno likifika mdomoni linakuwa jingine. Akitaka kalamu anaomba kijiko. Akitaka nifunge dirisha ananiambia nifunge mbuzi. Mwanzoni tulikuwa tukicheka wote wawili. Baadaye tukaacha kucheka.

Kwa hiyo safari hii maji yalikuwa yangu, na nilikuwa na sababu ya kuyaogopa. Miaka michache nyuma tulikwenda kijijini kwao Mkuu kwenye msiba. Kwetu Moshi maji yalikuwa ya mgao. Asubuhi ya kuondoka nilifungua bomba la jikoni, halikutoa hata tone, nikaliacha vile vile na haraka zangu. Ndani ya sinki kulikuwa na maganda ya viazi. Mchana maji yakarudi, maganda yakaziba tundu, na sisi tulikaa Mkuu siku nne. Jirani yetu, mama mmoja mjane tunayepakana naye uzio, ndiye aliyeona maji yanapita chini ya mlango wa mbele yakishuka ngazi. Tuliporudi tulikuta magodoro yamelowa, milango imevimba, na albamu ya harusi yetu imeshikana kurasa zote kama mkate mmoja. Mume wangu hakuniuliza nani aliacha bomba wazi. Alichukua fagio akaanza kusukuma maji nje. "Ni maji tu, mama," alisema. Angenigombeza ningepata nafuu. Tangu hapo nikisikia tone likidondoka mahali nisipopaona, nainuka kulitafuta.

Desemba hiyo binti yetu wa Mwanza alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wake wa kwanza. Shule ninayofundisha ilikuwa imefunga. Tungekaa wiki tatu.

"Mama, njoo na baba," aliniambia kwenye simu. "Nyumba haitakimbia."

Ni kweli haitakimbia, nikasema moyoni, lakini naijua inavyoweza kuogelea.

Nikaandika kwenye karatasi: kuzima hita, kufunga koki ya mita, kufungua mabomba yote yamalize maji kisha kuyafunga, kutoa uchafu kwenye tundu za sinki, kukagua choo. Mume wangu alikaa kwenye kiti mlangoni mwa jikoni akinitazama. Hita niliizima, nikarudi kuitazama mara tatu. Kisha nikaenda kwenye mita.

Koki ilikuwa imeganda kwa kutu. Nilijaribu kwa mkono, nikajaribu kwa mkono niliouzungushia kanga, nikaleta spana. Nikaegemea kwa uzito wangu wote. Ikakubali ghafla, nikafurahi, halafu nikaona kichwa cha koki kimebaki kwenye spana. Maji yakanirukia usoni, kwa nguvu ambayo sikuwahi kuiona hata siku ambazo hakuna mgao.

Nilipiga kelele. Nikakimbia stoo nikaleta kipande cha mpira wa baiskeli, nikazungusha, nikavuta, nikafunga fundo. Maji yakapungua, yakawa yanafoka pembeni, yakitengeneza dimbwi linalosogea kwenye ukuta wa jikoni. Nikampigia fundi wetu wa bomba.

"Shikamoo mama. Niko huku juu kijiji cha Kilema, nafunga mabomba kwenye nyumba ya watu, sitaweza kushuka leo. Kesho saa nane nipo kwako."

"Kesho saa nane mimi nitakuwa nimeshapita Singida!"

"Basi tafuta koki nyingine mama, ile ya nyuma ya mita. Lazima iwepo."

"Sijawahi kuiona."

"Muulize mzee."

Nikakata simu. Nikamtazama mzee. Alikuwa amesimama, ameshika fremu ya mlango, uso umemwiva.

"Ndizi," alisema.

"Baba, subiri kidogo. Nitakupa chakula."

"Ndizi! Ndizi, chini. Ndizi."

Nikaingia jikoni na nguo zilizoloa, nikachukua ndizi mbivu, nikaimenya, nikamtia mkononi ili anyamaze nipate kufikiri. Aliitazama. Kisha akaitupa. Mume wangu, ambaye alilelewa kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, na mama aliyewakataza kuacha hata punje ya maharage kwenye sahani, alitupa ndizi kwenye matope.

Nilichomwambia sijakisahau. "Unataka nini? Kama huwezi kunisaidia, kaa ndani uniache!"

Hakukaa. Akashuka ngazi moja, ya pili, fimbo kwa mkono wa kushoto, akapita kwenye dimbwi. Nilimfuata nimenyoosha mikono yote miwili kama mtu anayefuata mtoto anayeanza kutembea, maana ardhi ilikuwa inateleza na akili yangu ilishaona anaanguka, nyonga imevunjika, safari imekufa, mjukuu anazaliwa bila sisi. Akazunguka kona ya jikoni. Akaingia kwenye migomba yetu michache ya nyuma ya nyumba. Akasimama, akatazama ukuta, akatazama barabara, akasogea hatua mbili kulia. Akapiga fimbo chini, juu ya majani makavu.

"Hapa," alisema. Neno hilo lilitoka lilivyo. "Hapa, hapa, hapa."

Ndipo nilipoelewa, na aibu ikanishika hadi masikioni. Ndizi yake ilikuwa migomba: bomba kutoka barabarani lazima lipite chini yake kabla ya kufika kwenye mita. Nilileta jembe, nikafagia majani, nikachimba. Kina cha kiganja tu, jembe likagonga zege. Lilikuwa bamba dogo, kama kifuniko. Nikalinyanyua kwa ncha ya jembe. Chini yake kulikuwa na kishimo kilichojengewa matofali pande zote, na ndani yake koki ya shaba, imepakwa grisi na kuvikwa plastiki. Yeye ndiye aliyeivika, sijui mwaka gani, kwa ajili ya siku kama hii.

Niliizungusha kwa vidole, bila hata spana. Kule kwenye mita mlio wa maji ukafifia, ukakata.

Nilikaa chini pale pale kwenye majani, nikalia. Yeye aliniwekea mkono begani, ule mzito.

"Ndizi," akasema tena, safari hii polepole, kama mwalimu.

"Koki, baba. Nisamehe. Koki iko kwenye migomba."

"Koki," akarudia. Akafikiri. "Ndizi." Akaanza kucheka, nami nikacheka, pua inatiririka.

Alasiri nilimwita jirani, nikampa ufunguo na kumwonyesha kishimo. Tulifungua mabomba yote, yakakohoa, yakakauka, nikayafunga moja moja huku jirani akihesabu kwa sauti nisije nikaruka moja. Lakini wasiwasi hauna koki. Kesho yake, kabla basi halijafika Babati, nilikuwa nimeshampigia jirani mara mbili.

"Mama, nimeingia," alisema mara ya pili. "Nimevua viatu, nimetembea chumba kwa chumba peku. Kukavu. Sasa tafadhali angalia nje ya dirisha."

Mjukuu alizaliwa siku ya tano baada ya sisi kufika, msichana, na kwa siku tatu sikuiwaza nyumba hata kidogo. Kazi ilikuwa kupika mtori, supu ya ndizi ya mzazi, na kufua. Siku moja nikiwa natoka jikoni nilimkuta mume wangu mezani, amegeuza kalenda ya zamani, anachora nyuma yake kwa mkono wa kushoto. Nilidhani anafanya mazoezi aliyopewa hospitali. Nikainama. Ilikuwa nyumba yetu. Kuta, mlango wa jikoni, mita, migomba, na mistari ya mabomba yote, kila koki imetiwa duara. Mistari ilikuwa inatetemeka, lakini hakuna iliyopotea njia. Binti yetu, mtoto akiwa kifuani, aliangalia juu ya bega langu.

"Kumbe baba anaweza kusema," alisema.

Tuliporudi Moshi nyumba ilikuwa kavu, inanuka vumbi na mbao. Fundi alikuja kubadilisha koki ya mita. Nilipofungua ile ya migombani mabomba yalitoa maji mekundu kwa muda, kisha yakatakata. Fundi aliitazama ile kalenda kwa heshima, akauliza kama anaweza kuipiga picha kwa simu.

Kalenda nimeibandika ndani ya mlango wa stoo. Nimeishika yote kichwani, isipokuwa mstari mmoja unaotoka bafuni, unapita chini ya chumba chetu cha kulala, na kuishia kwenye duara karibu na kitanda. Nimemuuliza ni nini. Anasema "kanisa", anaudhika, anajaribu tena, inakuwa "kanisa" tena. Fundi anadhani ni bomba la zamani lisilo na maji. Huenda. Mwezi ujao tunakwenda Mkuu kwa wiki moja, na jana nilisogeza kitanda nikapiga magoti, nikaweka kiganja sakafuni kupapasa kama kuna unyevu. Mume wangu alikuja, akashuka taratibu kwa fimbo yake, akaweka kiganja chake karibu na changu.