Mpwa Anayeyapigisha Maua Mswaki

Haya hamtayaamini, lakini mjomba wake aliyaona kwa macho yake mawili: msomi mzima, mtafiti wa minyanya, anayapigisha maua mswaki. Ni mswaki wa betri, unavuma kama nyuki, na yeye huugusisha kwenye kikonyo cha ua taratibu, pumzi ameibana, hadi chavua, ule unga wa kiume, udondoke kwenye kichupa. Huku ananong'ona, "Haya mama, toa kidogo tu," kwa sauti ambayo mjomba hajawahi kuisikia hata akiletewa chai. Joto ndilo adui yake. Ua likibanikwa lingali tumba, chavua hufia humo humo, na mnyanya hauzai hata ukichanua maua ya kupambia harusi. Joto la wiki ile lilikuwa limezishinda karibu mbegu zake zote mpya. Ilibaki aina moja tu, nayo ikishindwa, miaka yake yote ya kitaluni imekwenda na maji. Akaidondoshea chavua rangi, akainamia hadubini. Iliyo hai huinywa rangi ikawa nyekundu. Iliyokufa hubaki nyeupe. Mjomba alitazama miguu, maana binti huyu akifurahi ndala humtoka yenyewe. Halafu ndala ikaanguka, pa! "Zimo, mjomba! Zimo hai!"

Jioni mjomba akamsimulia dada yake, mama wa binti, binti mwenyewe akiwa kando. "Nikainama mwenyewe kwenye hadubini. Mamilioni, dada! Nyekundu, kubwa kama njugu, nyingine zinanipungia mi—"

"Mjomba, ulipoinama nilishazima taa ya hadubini."