Siku Mama Alipomshitaki Mwenye Mbwa

Mpaka leo mtu akisema "paka tu" mbele yangu, damu hunichemka. Neno hilo nililisikia mjini Ibra, Omani, mwanzoni mwa miaka ya themanini, asubuhi mama yangu alipokwenda mlangoni kwa jirani yetu na paka aliyekufa, amemfunga ndani ya kanga.

Tulikuwa tumetoka Unguja, mimi na mama, tukakaa karibu na mjomba wangu. Mimi nikisomesha skuli ya wasichana. Mama Kiarabu chake kilikuwa cha kubabaisha, na wenzake wa kuzungumza nao Kiswahili walikuwa wachache. Nikienda kazini alibaki na paka wake wa rangi ya majivu, ambaye siku zile alikuwa amezaa ndani ya kapu la nguo kwenye baraza ya uani.

Jirani alikuwa mkandarasi, na akifuga mbwa wa kuwindia. Mchana huwaachia. Kila alasiri hukaa nje na rafiki zake akajitapa kwa sauti: "Huyu mweusi akimkamata mnyama hamwachi mpaka afe!" Wenzake wakicheka. Na mbwa huyo alikwisha kumuua mbuzi wa watu wa mtaa wa pili, jambo likamalizwa kimyakimya.

Siku ile gari la maji lilikuja, mama akafungua mlango wa uani ili mpira wa kujazia tangi upite. Yule mbwa mweusi akaingia. Paka angeweza kurukia ukutani akaokoka, lakini hakukimbia. Alisimama mbele ya kapu, manyoya yamemsimama. Mama alimpiga mbwa kwa ufagio mpaka ukavunjika mpini, wapi! Niliporudi kutoka skuli nilimkuta mama amekaa chini, kapu la vitoto mapajani, analia kwa hasira.

Kesho yake jirani alitusikiliza kwa kusimama, kikombe cha kahawa mkononi. Mimi ndiye niliyekuwa nafasiri.

"Mwambie mama yako, mbwa hana akili. Mimi nimlaumu kwa lipi?"

"Mwambie simlaumu mbwa," mama akaniambia. "Namlaumu yeye mwenye akili."

Nilifasiri neno kwa neno. Akacheka. "Paka tu! Wamejaa sokoni, nendeni mkachukue mwengine. Huko Zinjibari mkishitakiana kwa paka?"

Hilo mama alilielewa bila ya kufasiriwa. Akaliweka sawa buibui lake, akasema, "Twende kwa kadhi."

Mjomba alikuja mbio kumzuia. "Dada, hapa sisi wageni. Watu watatucheka."

"Wacheke. Meno ni yao."

Kadhi alikuwa mzee asiye na haraka. Jirani alipoitwa alikuja na rafiki yake mmoja, akaeleza kuwa mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyefungua mlango.

"Ni kweli uliufungua?" kadhi akamuuliza mama.

"Niliufungua kwa ajili ya maji, shekhe. Sikuufungua kwa ajili ya mbwa."

Kadhi akamgeukia jirani. "Ulikuwa unajua kuwa mbwa wako anaua?"

"Wallahi shekhe, mpole yule."

Hapo mama hakunisubiri. Kwa Kiarabu chake kile kile alilitamka lile neno la kila alasiri, zima zima, kama alivyolisikia kupitia ukutani: akimkamata mnyama hamwachi mpaka afe. Rafiki wa jirani akatazama chini.

"Umesema hivyo?" kadhi akauliza.

"Nilikuwa natania."

"Na yule mbuzi," mama akasema, "alikufa kwa utani?"

Kadhi akamgeukia tena jirani. Kisha akasema, "Asiyejua tabia ya mnyama wake ana udhuru. Wewe umejua, ukamwachia. Kosa ni lako, si la mbwa." Akamwamuru awafunge, na kuanzia siku ile lolote watakalolidhuru litakuwa juu yake. Kuhusu fidia, alisema wanavyuoni wamekhitalifiana kama paka ana thamani ya kulipwa. Nilitaka kupiga kelele. Mbuzi thamani yake kila mtu anaijua, paka wa mama yangu inabidi wanavyuoni wabishane! Lakini mama alikwisha kusema, "Sikuja kuuza paka. Nataka akiri amekosa."

Jirani akamwinamia kadhi. "Samahani, shekhe."

"Kwani paka alikuwa wa shekhe?" mama akauliza.

Ikabidi ageuke. Alimwomba mama radhi huku anatazama mlango, sauti haisikiki vizuri, akaondoka.

Mbwa walifungwa kweli. Vitoto tulivinywesha maziwa kwa pamba, kimoja kikapona. Lakini mjini habari ilienea kuwa Wazinjibari wamempeleka mtu kwa kadhi kwa ajili ya paka, na mbwa hakuna aliyemtaja. Harusini mwanamke mmoja wa mtaani petu alimuuliza mama, wenzake wanacheka, "Wewe ndiye yule wa paka?"

"Ndiye," mama akajibu. "Na wanao siku hizi wanapita nje ya nyumba ile bila ya khofu, au siyo?"

Mwanamke yule akajitia kushughulika na halua yake.