Nilifuta tope kwenye kompyuta Juba, likabaki kisimani

Wakuu, salaam. Hili nimelikalia miaka mingi. Sitaongeza chumvi wala kujisafisha.

Ilikuwa Juba, miaka ya CPA, ule mkataba wa amani wa Sudan, kabla ya kura ya kujitenga. Mimi Mkenya, engineer, ofisi yetu container karibu na airport. Kampuni siitaji.

Kwa wasiojua: ukichimba kisima cha mafuta unashusha bomba, halafu unasukuma simenti ipande nje ya bomba na kufukuza tope la kuchimbia. Tope likibaki, uchafu wa chini utapitia hapo hadi kwenye maji ya watu.

Kazi yangu ilikuwa kuigiza hayo kwenye kompyuta kabla. Simenti kijani, tope jekundu.

Bomba lazima likae katikati. Vyuma vya kulishikilia vilikuwa bado Juba Port, vinangoja barge ya kuvipeleka kisimani kwa mto. Nikarun bila vyuma. Bomba likaegemea, upande mmoja wote mwekundu.

Dereva wetu Gatluak alikuwa nyuma yangu. Alikulia kambi ya wakimbizi Kakuma, Kenya, Kiswahili chake cha huko. Mama yake aliishi jirani na kisima hicho nilichokuwa naigiza.

"Boss, hiyo red ni nini?"

"Tope limebaki. Si poa."

"Basi wacha nimtoe mathe huko."

Mchana meneja akasema rig, mtambo wa kuchimbia, haitangoja barge. Hakuniambia nidanganye, wakuu, na hapo ndipo panaponiuma. Aliuliza tu kama ripoti itakuwa tayari kesho. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule.

Nikaandika kwenye kompyuta kwamba bomba liko katikati, nikarun tena. Kijani tupu.

Asubuhi Gatluak akachungulia. "Sasa iko fiti?"

"Iko fiti."

Akaniamini. Akamwacha mama yake palepale. Simenti ikasukumwa bila vyuma.

Mvua zilizofuata, maji ya kunywa kule yakaanza kunuka mafuta. Ng'ombe wakafa kwanza. Mama akaletwa kwa Gatluak, mtaa wa Lemon Gaba hapo Juba, hawezi hata kushika kikombe. Hakumaliza mwezi.

Nilienda msibani. Gatluak akanipa kiti, akanimiminia chai, akauliza kwa upole, "Boss, ile picha ya kwanza ilienda wapi?"

Nilikunywa chai yote, nikaaga nikaondoka. Naichukia nafsi yangu kwa chai ile.

Nilichojifunza: kompyuta haijui kudanganya, inarudia ulichoilisha. Nyie mnaokaa kwenye hizo software, picha mbaya msiifute. Mpelekeeni mwenye maji aione.

Nitukaneni, nimekaa hapa nasoma. Ila wewe unayetaka kuandika "kazi ni kazi", anza kwa kumjibu Gatluak.